Yai la chokoleti la Pasaka: mkulima wa kakao Kyela anapata nini?

Pasaka ya mwaka huu ni Jumapili, tarehe 5 Aprili 2026. Wilayani Kyela, mkoani Mbeya, sikukuu inaangukia katikati ya mvua za masika. Watu wataenda ibadani, watakula wali, na kuku kwa aliyejaliwa, kisha mkulima wa kakao atarudi kuangalia kama jua limetoka ili aanike mzigo wake.

Wiki hizo hizo, maduka ya Ulaya yamejaa mayai ya chokoleti yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa. Makubwa, madogo, yenye picha za sungura na vifaranga. Kwa kampuni za chokoleti, Pasaka ni mojawapo ya misimu mikubwa ya mauzo kwa mwaka.

Kakao ndiyo mwanzo wa yai hilo. Sasa, msikilizaji, kama dunia inanunua chokoleti kwa wingi namna hii wakati wa Pasaka, mbona bei ya kakao mnadani haipandi Pasaka ikifika? Makala haya yanaeleza jinsi kampuni zinavyouza Pasaka, fedha zinabaki wapi, na mkulima ajifunze nini.

Biashara hii ilianzaje?

Wakristo wa Ulaya walikuwa na desturi ya kutoa mayai ya kuku yaliyopakwa rangi wakati wa Pasaka, tangu zamani sana. Wakati wa Kwaresima hawakula mayai, kwa hiyo mfungo ulipokwisha mayai yalikuwa mengi nyumbani. Wajerumani nao walikuwa na hadithi ya sungura anayewaletea watoto mayai.

Kampuni za chokoleti ziliichukua desturi hiyo na kuifanya bidhaa. Nchini Uingereza, kampuni ya Fry ya mjini Bristol ilitengeneza yai la chokoleti mwaka 1873. Kampuni ya Cadbury ilifuata mwaka 1875. Tangu hapo, yai la kuku limekuwa likitoa nafasi kwa yai la kiwandani.

Kampuni zinatumia mbinu gani?

Mbinu ya kwanza ni msimu mfupi. Cadbury ina yai dogo maarufu linaloitwa Creme Egg. Kwa kawaida nchini Uingereza huuzwa kuanzia Januari hadi Pasaka, kisha hutoweka madukani. Kiwanda kingeweza kulitengeneza mwaka mzima. Lakini mteja akijua kwamba kitu kitaisha, hununua leo. Pasaka ikiwahi, kama mwaka huu, muda wa kuuza nao unakuwa mfupi. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, na mwaka 2027 itakuwa tarehe 28 Machi.

Mbinu ya pili ni kumlenga mtoto. Mayai hufichwa bustanini watoto wayatafute. Mzazi hanunui chakula tu, ananunua furaha ya mtoto. Hapo hapigi hesabu ya gramu.

Mbinu ya tatu ni umbo na kifungashio. Mayai mengi ya Pasaka yana uwazi ndani. Yai linaonekana kubwa, boksi ni kubwa zaidi, lakini chokoleti yenyewe ni ganda jembamba.

Mbinu ya nne ni kulinda jina na sura. Kampuni ya Lindt ya Uswisi inauza sungura wa chokoleti aliyefungwa kwa karatasi ya dhahabu, mwenye utepe mwekundu na kengele shingoni. Mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba maduka ya Lidl hayaruhusiwi kuuza sungura anayefanana naye, na kwamba sungura waliobaki waharibiwe. Mahakama ilisema chokoleti yake ingeweza kuyeyushwa ikatumika tena. Kilichogombewa pale ni sura, wala si kakao.

Ukiziangalia mbinu zote nne, hakuna hata moja inayomtaja mkulima. Kinachouzwa ni msimu, furaha, umbo na jina.

Hesabu ya yai moja

Tupige hesabu rahisi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka chokoleti ya maziwa iwe na kakao isiyopungua asilimia 25. Kinachobaki ni sukari na maziwa kwa sehemu kubwa. Yai la gramu 100 kwa hiyo linahitaji gramu 25 hivi za kakao.

Kilo moja ya kakao kavu, ikiondolewa maganda na unyevu kiwandani, hubaki gramu 800 hivi. Gawanya kwa 25. Unapata mayai 32.

Mwishoni mwa mwaka 2025, tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilikuwa karibu dola 6,000, yaani dola 6 kwa kilo. Gawanya kwa mayai 32. Kila yai limebeba kakao ya senti 19 za dola, chini ya shilingi 500 za Tanzania. Na hiyo ni bei ya soko la dunia, kabla ya gharama za mnunuzi, usafiri, ghala, ushuru na makato ya ushirika. Dukani, yai kama hilo linaweza kuuzwa kwa dola kadhaa.

Tofauti yote hiyo si faida ya kampuni moja. Kuna kiwanda, maziwa, sukari, mishahara, matangazo, usafiri, kodi na mwenye duka. Hata hivyo hesabu inaonyesha jambo moja: sehemu ya kakao katika bei ya yai ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Bei ilipopanda, kampuni zilifanya nini?

Wakulima wa kakao wanaikumbuka miaka ya 2023 na 2024. Ivory Coast na Ghana, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipata mavuno mabaya kwa sababu ya hali ya hewa, magonjwa ya mimea na miti iliyozeeka. Kakao ikaadimika. Mapema mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na Desemba mwaka huo ikapita dola 12,000. Kyela nako bei za mnadani zilipanda kwa kiwango ambacho wengi hawakuwahi kukiona.

Kampuni hazikukaa kimya. Baadhi zilipandisha bei, na baadhi zilipunguza uzito wa yai. Shirika la Which?, linalotetea wateja nchini Uingereza, liliripoti kabla ya Pasaka ya mwaka 2025 kwamba kulikuwa na mayai yaliyopungua uzito huku bei ikipanda. Nyingine zilipunguza kakao yenyewe na kuweka mafuta mengine ya mimea. Mwaka 2025, biskuti za Penguin na Club za Uingereza zilipunguziwa kakao kiasi kwamba haziruhusiwi tena kuitwa za chokoleti. Sasa zinaitwa zenye ladha ya chokoleti.

Wateja nao walipunguza kununua. Viwanda vya Ulaya vikasaga kakao kidogo mwaka 2025 kuliko mwaka uliotangulia. Wakati huohuo hali ya mavuno Afrika Magharibi ikawa nafuu. Mahitaji yakapungua, mzigo ukaongezeka, na bei ikarudi hadi karibu nusu ya kilele chake mwishoni mwa 2025. Mwanzoni mwa 2026 iliendelea kushuka.

Aliyekopa au kuanza ujenzi mwaka 2024 akiamini kwamba bei ile ni ya kudumu, leo yuko kwenye wakati mgumu.

Kwa nini Pasaka haipandishi bei mnadani?

Kwa sababu Pasaka ya mwaka huu ilishanunuliwa. Mayai yanayouzwa sasa yalitengenezwa miezi kadhaa iliyopita, na kampuni kubwa hufunga mikataba ya kununua kakao mapema kuliko hapo. Mnunuzi anayekuja mnadani Aprili hanunui kwa ajili ya Pasaka hii.

Kwa hiyo mkulima asishikilie mzigo akisubiri sikukuu. Akishikilia, sababu iwe nyingine: ubora, unyevu, au ratiba ya mnada.

Linalofaa kufuatiliwa ni habari mbili. Ya kwanza ni hali ya mavuno Ivory Coast na Ghana. Tanzania hutoa chini ya asilimia moja ya kakao ya dunia, kwa hiyo mvua ya Abidjan inagusa bei ya Kyela kuliko mvua ya Kyela yenyewe. Ya pili ni takwimu za usagaji wa kakao Ulaya, ambazo hutolewa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Usagaji ukipungua, ujue viwanda havina haraka ya kununua.

Mkulima afanye nini?

Kwanza, ubora. Mbegu zilizovundikwa vizuri na kukauka sawasawa ndizo zenye ladha ya chokoleti. Masika haya, kakao inayoanikwa chini au inayonyeshewa inaota ukungu na kupoteza thamani. Kichanja na turubai vinalipa.

Pili, mizani na karatasi. Anayemuuzia mlanguzi kakao mbichi shambani kwa sababu ya shida ya sikukuu hajui bei ya mnada wala uzito halisi. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, dai stakabadhi yako, andika kilo zako, na uliza bei ya mnada na kila kato kwenye AMCOS yako.

Tatu, taarifa za shamba. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kakao inayoingia kule ijulikane imetoka shamba gani na kwamba msitu haukukatwa kwa ajili yake. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajiandaa. Chama kikija kupima mipaka ya shamba lako, uliza taarifa zitatumikaje, kisha shiriki.

Nne, jina. Hapa kampuni za Pasaka zina somo kwetu. Bondeni Kilombero, mkoani Morogoro, kampuni ya Kokoa Kamili hununua kakao mbichi kwa wakulima na kuivundika yenyewe kwa uangalifu. Watengenezaji wadogo wa chokoleti Marekani huandika jina hilo na neno Tanzania kwenye bidhaa zao. Mteja analipia asili ya kakao. Kyela inajua thamani ya jina, maana mchele wake unatafutwa nchi nzima, na wapo wanaouza mchele wa kwingine kwa jina la Kyela. Uswisi walikwenda mahakamani kwa ajili ya sungura. Vyama vyetu vya ushirika vina sababu kubwa zaidi ya kulilinda jina la kakao ya Kyela kabla wengine hawajalichezea.

Kwa kifupi

Pasaka huuza chokoleti nyingi, lakini fedha nyingi hubaki kwenye msimu, umbo na jina. Mkulima analipwa kwa kilo na kwa ubora, kwa bei inayoamuliwa mbali na shamba lake. Bei nzuri ikija, weka akiba. Bei ikishuka, usiache shamba likageuka pori, kwa sababu wanaobaki na miti iliyotunzwa ndio watakaokuwa na mzigo bei itakapopanda tena.