Nani Apewe Kazi ya Feri?

Mkazi wa Likoni hahitaji kitabu cha uchumi ili ajue maana ya kandarasi. Huijua kila alfajiri anapoteremka gatini na kuhesabu feri zilizo majini na zile zilizo kwa mafundi. Ndugu zetu wa Kisauni wana daraja la Nyali, wa Changamwe wana njia ya Makupa. Barabara ya Dongo Kundu yawafaa wenye magari. Mwenda kwa miguu wa Likoni angali mateka wa feri, na uhai wake umo mikononi mwa aliyepewa zabuni ya kuiunda na aliyepewa ya kuitengeneza.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo, wakafa watu 272. Ilikuwa imebeba zaidi ya 400, hali uwezo wake ulikuwa 300. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka MV Harambee. Mama na bintiye wakazama, na ilichukua siku 13 kuopoa miili yao. Kati ya misiba hiyo serikali zilibadilika, vyama vikazaliwa na kufa. Gatini hofu ni ile ile.

Tuchukue mfano wa zabuni moja. Feri mbili ziliagizwa pamoja kutoka Uturuki. MV Jambo iliwasili 2017. Mwenzake, MV Safari, hakuonekana hadi 2020. Nani alieleza abiria sababu ya kucheleweshwa huko?

Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani, na wenye thamani inayolingana na gharama. Hilo la mwisho wakubwa hulifasiri kuwa urahisi wa bei. Sheria ya 2015 kweli yataja bei ya chini, lakini ni bei ya chini baada ya tathmini, na kifungu cha 48 chaweka kamati ya kukagua na kupokea kazi. Kamati hiyo yafaa imkatae mtu mchana kweupe.

Parokia ikitaka kujenga jumba, wazee huenda kwanza kutazama kuta ambazo fundi yule alizijenga kwingine, baada ya masika mawili kupita. Wakiona nyufa, wanamuaga kwa adabu, hata akiwa shemeji ya mwenyekiti. Mbona fedha za sadaka zalindwa hivi, na za kodi zaachwa?

Wako wenzetu wadaio kazi hizi wapewe wana wa Pwani pekee. Uchungu wao twaujua, nasi tumenyimwa mengi. Hata hivyo, feri iliyounganishwa vibaya na ndugu yetu itazama na ndugu zetu ndani yake. Apimwe kama wengine, na akifaulu apewe.

Kwa hiyo twaomba kila kikundi na kila jumuiya iwaandikie wenye kuendesha feri, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili. Ulizeni ni nani anayezitengeneza feri, kwa kiasi gani, alifanya wapi kazi kama hiyo, na ni nani aliyetia sahihi kuipokea. Jibu latakiwa katika siku 21. Ikiwa habari yahusu uhai wa mtu, katika saa 48.