Mchoro si Pambo la Habari

Wako watu wasemao kwamba kijana atakaye kuwa mwandishi wa habari ajifunze lugha tu, na kuchora takwimu awaachie walimu wa hesabu. Rai hiyo ni potofu, na matunda yake twayaona magazetini: mwandishi huleta maneno, fundi hutia mchoro ili kujaza nafasi, na msomaji hupewa vitu viwili visivyojuana.

Hebu tuitazame London ya mwaka 1854, kipindupindu kilipoingia mtaa wa Soho na kuua watu zaidi ya 500 kwa muda wa siku kumi hivi. Wakati huo madaktari wengi walisadiki kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za marehemu. Mkono wa pampu ya Broad Street uliondolewa tarehe 8 Septemba, nayo ramani yake mashuhuri ikaja baadaye. Basi mchoro haukumfunulia siri. Ulikuwa hoja yake mbele ya wasioamini. Kila kifo alikitia kistari cheusi penye nyumba ya marehemu, na vistari vikarundikana kuizunguka pampu ile.

Lakini mimi huvutwa zaidi na pale vilipokosekana. Katika kiwanda cha bia kilichokuwa hatua chache tu kutoka pampuni, wafanyakazi zaidi ya 70 walisalimika wote: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nyumba ya maskini ya jirani, yenye watu 535, ilizikwa watano tu. Nayo ilikuwa na kisima chake. Ni nani angeyauliza maswali hayo kama asingeona nafasi tupu katikati ya weusi ule?

Wengine husema: namba zikiwa za kweli, mchoro nao ni wa kweli. La, hasha! Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu milioni 38.6, na ya mwaka 2019 milioni 47.6. Chora nguzo mbili, mhimili wa wima ukianzia sifuri. Ya pili itaipita ya kwanza kwa kiasi kipungufu kidogo cha robo. Sasa anzia milioni 35. Nguzo ya pili itakuwa mara tatu na nusu ya mwenzake, wala hukubadili namba hata moja. Msomaji mwenye haraka ataapa kwamba nchi imefurika.

Na tusidanganyane kwamba shule hazina kompyuta. Snow hakuwa nayo. Karatasi ya grafu na penseli zatosha, na zoezi hilo la sensa humalizika kwa nusu ya kipindi. Mimi ningetaka kila insha yenye takwimu idaiwe mchoro wake, na mwanafunzi asiyeonyesha mhimili umeanzia wapi akatwe alama sawasawa na aliyekosea sarufi.