Uchambuzi: "Mtandao umekatika" ni jibu lisilotosha

Tangu jukwaa la Irembo lizinduliwe mwaka 2015, Mnyarwanda huomba vyeti na vibali vingi vya serikali bila kuzunguka ofisini na mafaili. Akiingiza namba ya kitambulisho yenye tarakimu 16, mfumo hutafuta taarifa zake katika hifadhidata ya vitambulisho vya taifa. Ni safari ya sekunde chache, lakini kiungo kimoja kikilegea, huduma husimama.

Hapo ndipo wakala humwambia mteja: "Mtandao umekatika." Kauli hiyo huficha hitilafu tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ya intaneti ya dukani. Kurasa nyingine nazo hazifunguki. Ya pili ni ya hifadhidata yenyewe: seva imezimika, au maombi yamezidi idadi inayoweza kupokelewa kwa wakati mmoja. Kubonyeza tena na tena huzidisha msongamano huo. Ya tatu ni ya idhini: nenosiri la mfumo limebadilishwa, au cheti chake cha usalama kimemaliza muda. Seva iko hai, ila inakataa kufungua mlango.

Tofauti hizo si suala la mafundi pekee. Hitilafu ikiwa ya kwanza, mteja huhudumiwa kwa wakala jirani. Ikiwa ya pili au ya tatu, hata akizunguka Nyamirambo nzima, atapoteza nauli bure.

Bahari nayo hulaumiwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya maji, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Rwanda ikiwemo. Hata hivyo, data zinazotoka Kigali kwenda Kigali hazilazimiki kuvuka bahari. Kituo cha RINEX, kilichoanza mwaka 2004, huwezesha kampuni za intaneti kubadilishana data humu nchini.

Tiba ya kwanza ni ukweli. Bila kufichua siri za seva, skrini ieleze kama kasoro iko dukani au kwenye mfumo, na kama ombi limehifadhiwa. Ieleze pia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Mwananchi anayejua mlango upi umefungwa hujua kama asubiri au arudi nyumbani.