Tusiishie Lugha ya Kuitikia

Wapo kati yetu wazee ambao wakimwona kijana ameshika kitabu cha Kijerumani au cha Kichina husikitika, wakasema mtoto kapotea, anawakimbia wa kwao. Wapo pia vijana wanaodaka maneno mawili matatu ya Kiingereza wakayamwaga barazani ili waonekane wamesoma. Hawa wa pili sitawapa nafasi kubwa. Lugha ya kujionyesha haimlishi mtu wala haimwelimishi, na wahenga walikwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa wazee wetu nasema hivi, kwa heshima zote: riziki ni sababu halali ya kujifunza lugha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou hujifunza Kichina kwa sababu amechoka kugawana faida na mkalimani. Muuguzi wa Nairobi aliyehitimu akakosa ajira huhangaika na sarufi ya Kijerumani kwa sababu hospitali za Ujerumani hazimpokei bila cheti cha lugha, na tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024, matumaini yake yameongezeka. Aibu iko wapi hapo? Watu wa pwani hii wamefanya biashara kwa lugha za wageni tangu enzi za majahazi ya msimu, na hawakuacha kuwa Waswahili.

Lakini hebu tutazame Malindi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kiitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni. Wakafuata watalii, na wenye mahoteli. Leo vijana wa ufukweni wanasema Kiitaliano ambacho wengi wao hawakufundishwa na mwalimu yeyote. Wamekiokota kwa masikio, mchangani, na wanakitiririsha hadi mgeni mwenyewe akashangaa. Nawasifu kwa dhati, kwani akili inayonasa lugha bila kitabu si akili ndogo. Kinachonisikitisha ni mahali wanapokomea. Wanajua kutaja bei, kuuza kinyago, kumwongoza mgeni hadi kwenye mashua, na kuitikia wanapoitwa. Mpe mmoja wao karatasi ya kukodisha kiwanja cha babake, iliyoandikwa kwa Kiitaliano hicho hicho, umwambie aisome kifungu kwa kifungu. Wengi watairudisha.

Hilo ndilo ninalolilia. Tunajifunza lugha za watu kwa kiasi cha kuwatumikia, tukaacha kabla hatujafika pa kuwahoji.

Hasara ya kutoijua lugha ya mgeni tumeionja zamani. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alitoka pwani akapanda hadi Usagara, na karatasi zake mkobani. Huko Msovero alikutana na mtawala wa huko, Mangungo. Wakafanya urafiki, maneno yakapita kwa mkalimani, kisha Mangungo akatia alama yake chini ya maandishi ya Kijerumani yaliyosema kwamba ameitoa nchi yake. Februari iliyofuata Kaiser wa Ujerumani alitoa hati ya kuiweka nchi hiyo chini ya ulinzi wake. Shuleni tumezoea kumcheka Mangungo. Haifai. Angekijulia wapi Kijerumani? Hakuwa na mwalimu, hakuwa na kamusi, na watu wale ndiyo kwanza walikuwa wamefika mlangoni pake. Sisi tutajitetea kwa lipi, tulio na vitabu, redio, na simu zinazofundisha lugha mtu akiwa amelala kitandani?

Na wageni waliokuja kwetu hawakukomea njiani. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaketi na wenyeji, akaandika sarufi ya Kiswahili na kamusi nene iliyochapwa 1882, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Alitaka kuhubiri, basi akaichimba lugha yetu hadi mizizini. Padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alitafsiri Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1923, ili watu wake wajue la kuwajibu Waislamu. Uipende nia yake au uichukie, bidii yake huwezi kuikana. Na jibu la maana lilipatikana kwa njia ile ile: Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwana wa Unguja aliyebobea katika Kiarabu, akatoa Qurani Takatifu mwaka 1969, na Waislamu wa Afrika Mashariki wakapata tafsiri ya mwanachuoni wao wenyewe. Mwalimu Nyerere naye alikitumia Kiingereza vivyo hivyo, alipomleta Shakespeare kwetu mwaka 1963 kwa kuitafsiri Julius Caesar. Wote hao walikwenda kwenye lugha ya watu wakarudi na mzigo.

Hapa sina budi kuwageukia walimu wa madrasa, na ninayosema nayasema kwa mapenzi. Watoto wetu wanazijua herufi za Kiarabu wakiwa wadogo sana. Wanahitimu, wanasoma kwa tajwidi mpaka wazee wanatokwa na machozi. Kisha binti mmoja wao anakua, wakala anamletea mkataba wa kazi za ndani Riyadh, umeandikwa kwa herufi zile zile za utotoni. Anazitambua zote, na hajui mshahara wake umeandikwa wapi wala siku yake ya mapumziko ni ipi. Na nchini Saudi Arabia maandishi ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu pale yanapohitilafiana na ya lugha nyingine! Hati ameijua, matamshi ameyajua, yaani yale yanayowatoa jasho wageni wengine wa lugha hiyo. Kilichobaki ni sarufi na msamiati. Walimu wangu, kwa nini tunamwachia hapo? Ongezeni nusu saa ya kufundisha maana kila jioni. Kitabu cha Mwenyezi Mungu chenyewe kitapata msomaji bora zaidi.

Nawe dada ambaye pasipoti yako tayari iko mkononi mwa wakala, usingoje madrasa zibadilike. Dai nakala ya mkataba leo. Mtafute anayekijua Kiarabu hapo mtaani, mketi muusome kifungu kwa kifungu: mshahara, saa za kazi, mapumziko, pasipoti itakaa na nani. Wakala akikuambia hakuna haja, muulize kwa nini.