Nakala ya Akiba Ndiyo Stara



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko vyuoni, kuna jambo ambalo katika nyumba zetu limefanyiwa mzaha kwa muda mrefu, na sasa lisemwe wazi. Picha za harusi, sauti ya bibi aliyekwishatangulia mbele ya haki, vyeti vya watoto, hesabu za madeni ya duka, tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, vyote hivi siku hizi vinakaa ndani ya simu moja. Na simu hiyo hiyo ndiyo anayochezea mtoto wa miaka mitatu pembeni ya ndoo ya maji! Ukimwuliza mwenyewe nakala nyingine iko wapi, atakupa moja ya majibu manne. Tuyatazame moja baada ya jingine, kwani hakuna hata moja lenye mashiko.

JIBU LA KWANZA: "Likitokea la kutokea, ni kadari."

Ni kweli, hakuna litokealo ila kwa kadari. Lakini mbona mtu huyu huyu anafunga duka lake kwa kufuli mbili kila jioni? Mbona hati ya kiwanja ameiweka kwenye sanduku la chuma? Kumbe anaijua vizuri tofauti ya kutawakali na kuzembea, ila kwenye simu tu ndipo anaisahau. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu kuandikiana madeni. Dini iliyoyapa madeni uzito huo isifanywe kisingizio na mtu ambaye hesabu zake zote, anaowadai na wanaomdai, zimo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Siku simu hiyo ikifa, si mali yake peke yake inayopotea, ni haki za watu.

JIBU LA PILI: "Picha za wake zetu na mabinti zetu sitaki zizagae kwenye intaneti."

Hili ndilo jibu zito kuliko yote, na anayelisema anastahili kusikilizwa. Picha za ndani ya nyumba, mama akiwa bila mtandio, mabinti wakicheza siku ya Idi, si za kuonwa na kila mtu. Lakini tujiulize: ni nani anayezianika zaidi?

Simu ikizima ghafla, asiye na nakala hufanya nini? Huikimbiza kwa fundi wa kando ya barabara, kijana asiyemjua jina wala kwao, akaanza kumbembeleza: "Ndugu yangu, nisaidie, picha zangu zote zimo humo." Fundi anaomba namba ya siri, anapewa. Anaomba simu ilale kwake, inalala. Anaiunganisha na kompyuta yake na kunakili kila kilichomo ili kisipotee, kisha simu inarudi nyumbani na zile picha zinabaki kibandani. Mafundi wengi ni watu waaminifu. Hata hivyo, nani alikupa ruhusa ya kuikabidhi heshima ya nyumba yako kwa mtu usiyemjua, kwa sababu tu ulikuwa mvivu?

Sasa mtazame aliye na nakala. Simu yake ikisumbua na bado inawaka, anaifuta yote kabla ya kuipeleka. Ikiwa haiwaki, anamwambia fundi: "Tengeneza, na ukilazimika kufuta, futa." Namba ya siri hatoi. Ikiibiwa, na alikuwa ameiandaa kwa hilo, anaifuta akiwa mbali bila kusita, maana hana cha kulilia.

Basi nakala ya akiba si adui wa stara. Nakala ya akiba NDIYO stara. Wala si lazima ipande kwenye intaneti. Diski ya nje iliyofungwa kwa neno la siri inakaa kabatini kwako, haioni kampuni wala jirani. Programu ya VeraCrypt inafanya kazi hiyo bila malipo.

JIBU LA TATU: "Zangu ziko Google, na nyingine nilizituma WhatsApp."

WhatsApp kwa kawaida hupunguza ubora wa picha unapoituma, kwa hiyo uliyoibakisha huko ni kivuli cha picha yako. Na Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo bure tangu tarehe 1 Juni 2021. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, nayo inagawanwa na barua pepe. Ikijaa, picha mpya haziendi tena, na wengi hawana habari. Tena ukiifuta picha ndani ya programu hiyo ili upate nafasi kwenye simu, inafutwa na kule juu pia. Inakaa kwenye kapu la takataka siku 60, kisha basi.

Kuna na hili la akaunti za marehemu. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Baba amefariki, neno lake la siri hakuna anayelijua, miaka miwili inapita, na picha zake zinamfuata.

Wala tusidhani wakubwa hawapotezi. Septemba 2025 moto uliunguza kituo cha serikali cha kompyuta huko Daejeon, Korea Kusini, na hifadhi ya faili za watumishi wa umma yenye terabaiti 858 ikateketea. Haikuwa na nakala mahali pengine! Na sisi huku, intaneti yenyewe si ya kutegemea kila saa: Januari 2021 ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, na Mei 2024 kukatika kwa nyaya za baharini kuliwasumbua watu wa nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mwanafunzi mwenye tasnifu yake huko juu tu angeikabidhi vipi siku kama hizo?

JIBU LA NNE: "Sina pesa."

Pesa ya kubadilisha simu kila Idi ipo, ila ya diski haipo? Ndugu wawili au watatu wanaweza kuchangia diski moja, kila familia na sehemu yake yenye neno lake la siri.

TUFANYE NINI?

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ameieneza kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Hiyo ya mbali msiidharau. Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia na kile tu mikono ilichoweza kubeba. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Januari 2013, na daftari zikaungua pamoja na bidhaa. Diski iliyo kabati moja na simu itaungua pamoja na simu. Ipelekeni kwa shangazi au babu. Sayidna Uthman aliponakili misahafu hakuiweka yote Madina, bali aliisambaza kwenye miji.

Flashi msiitegemee kwa miaka mingi, ni ya kubebea tu. Diski ikishapokea faili, ichomoeni, maana virusi vya kudai fidia hufunga kila kilichounganishwa na kompyuta. Kila mwezi ongezeni mapya, na mfungue faili mbili tatu muone kama zinasomeka. Neno la siri liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae mahali ambapo mke na mume wote wanapajua.

Vijana, mnajua kompyuta kuliko wazazi wenu, kwa hiyo kazi hii ni yenu. Kabla ya Ijumaa ijayo, kaeni na mama, mwombeni ruhusa, mnakili picha zake. Kisha mwulizeni yeyote aliyewahi kupoteza sauti ya mzazi wake angelipa kiasi gani kuisikia tena.

Wabillahi tawfiq.