Msimlilie Profesa

Tarehe 11 Oktoba 2018, profesa mstaafu G. D. Agrawal alifariki hospitalini Rishikesh, India, akiwa na miaka 86. Alikuwa amesusia chakula kwa siku 111 akidai mto Ganga ulindwe. Alikuwa amemwandikia waziri mkuu barua kuhusu mto huo. Rambirambi za waziri mkuu zilikuja haraka, mtandaoni. Serikali hujua sana kuzika.

Tangu hapo tunasimuliwa hadithi moja tu: mzee mtakatifu aliyeupenda mto hadi kufa. Mimi hadithi hiyo siitaki. Inatupa ruhusa ya kufuta machozi na kurudi kulala.

Agrawal hakuwa mzee wa ndoto. Alianza kazi kama mhandisi katika idara ya umwagiliaji ya jimbo la Uttar Pradesh, akasoma hadi udaktari Berkeley, Marekani, akafundisha uhandisi wa mazingira IIT Kanpur, kisha akawa katibu wa kwanza wa bodi ya taifa ya kudhibiti uchafuzi. Huyo ni mtu aliyeijua mitambo kutoka ndani. Aliposema miradi ya umeme inaua mto Bhagirathi, mojawapo ya mito inayozaa Ganga, hakuwa anabahatisha. Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi: maji yanazuiwa, yanaingizwa kwenye handaki lenye urefu wa kilomita kadhaa ndani ya mlima, yanazungusha mitambo, yanatokea huko chini. Katikati, pale palipokuwa na mto, mnabaki na mawe. Kwenye karatasi, ati mto bado upo.

Mtasema watu wanahitaji umeme. Ni kweli, hata mimi naandika haya nikiomba tokeni zisiishe. Lakini swali ni nani anapata taa na nani anapata mawe. Na mtu aliyelipwa miaka mingi kujua jibu, akinyamaza, amechukua upande.

Hapo ndipo nina shida na maprofesa wetu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinishinda. Kabla sijatoka, kuna mhadhiri alitufundisha asubuhi kwamba kinamasi ni sponji la mto: hunyonya mafuriko, hutoa maji taratibu wakati wa kiangazi. Tuliandika, tukakariri. Baadaye tukajua kwamba sahihi yake iko kwenye ripoti ya mazingira iliyobariki maghorofa juu ya kinamasi. Sikushangaa sana. Kilichoniuma ni kwamba notsi zake zilikuwa sahihi kabisa.

Mwaka wa 2024 mto Mathare ulipofurika, watu walikufa, halafu tingatinga zikaja kubomoa mabati ya waliosalia kwa sababu walikuwa karibu mno na maji. Sheria ya mto iliwakumbuka maskini kwanza. Je, wataalamu waliotia sahihi ujenzi wa huko juu walibomolewa nini?

Lakini hata Agrawal nina ugomvi naye. Mwaka wa 2010 aligoma kula na serikali ikafuta mradi wa Loharinag Pala, megawati 600, kazi ikiwa tayari imeanza. Mwaka wa 2012 bonde la Bhagirathi kuanzia Gaumukh hadi Uttarkashi likatangazwa eneo la kulindwa. Huo ni ushindi mkubwa, na mito mingi haina mtu wa kuipigania hivyo. Ila silaha yake ilikuwa mwili mmoja, na mwili mmoja serikali inaweza kuungoja. Mwaka wa 2018 waliungoja.

Wangari Maathai, naye profesa, alielewa hili mapema. Mwaka wa 1977 alianzisha Green Belt Movement, kina mama wakaotesha miche kwa mikono yao. Mwaka wa 1999 alipopigwa na magenge huko Karura, hakuwa peke yake. Msitu ule bado umesimama, na mto Karura bado unapita ndani yake. Wingi wa watu hauwezi kungojewa hadi ufe njaa.

Kwa hiyo msimlilie Agrawal. Nchi inayongoja mzee wa miaka 86 afe njaa ndipo isikie kuhusu mto imeshafilisika, na sisi tunaomsifu bila kufanya lolote tuko kwenye deni hilohilo.

Wewe mwalimu ambaye bado unapokea mshahara: kama kuna ripoti mezani kwako wiki hii, fungua ukurasa wa ramani. Angalia mto uko wapi. Kisha kataa kutia sahihi, na uwaambie wanafunzi wako kwa nini umekataa. Hakuna anayekuomba ufe. Tunakuomba tu upoteze hiyo kandarasi.