Ukishika namba 2 kwenye foleni, beba mtu wa kumfukuza kwotabeki

Mabosi zangu, leo mzigo na oda tuviweke pembeni kidogo. Kuna swali limenikaa kichwani tangu nianze kufuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Naona nyie watu wa kununua na kuuza mtalielewa haraka kuliko wachambuzi wengi. Timu mbovu ikipata nafasi ya kuchagua mlinzi wake wa kwanza, ianze na mlinzi wa nafasi gani?

Jibu langu nalitoa mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri. Ianze na mvamizi wa pembeni. Huyu ni yule jamaa anayesimama mwisho wa mstari wa mbele wa walinzi, na kazi yake ni kuuzunguka ukuta wa wapinzani na kumwangusha kwotabeki, yaani mrushaji, kabla mpira haujatoka mkononi. Na sababu yangu ya kwanza ni ya bei, sio ya mpira.

Kwa ambaye hajawahi kuiangalia: ligi yao, NFL, ina timu 32. Kila mwisho wa Aprili timu hizo zinagawana vijana wanaotoka vyuoni. Wao wanaiita drafti (sio ile ya vizibo vya soda pale kijiweni). Iliyofanya vibaya zaidi inatangulia kuchagua, bingwa anakaa mwisho wa foleni, na zoezi linarudiwa raundi 7. Cha kuzingatia ni hiki: tangu 2011, mkataba wa kijana unapangwa na namba aliyochaguliwa nayo. Wa namba 2 analipwa hela ya namba 2, awe mlinzi, awe mpokeaji, awe mpiga mateke.

Sasa hapo sikiliza kama mfanyabiashara. Umeingia godauni ambako bei haitokani na kitu ulichobeba, inatokana na namba yako ya foleni. Ukiwa wa pili unalipa kiasi kilekile, utoke na friji au utoke na feni. Wewe utabeba nini? Si unabeba kile ambacho huko mtaani bei yake inauma?

Tuchukue drafti ya 2022, maana mwaka ule wachezaji 5 wa kwanza kuchaguliwa wote walikuwa walinzi. Jacksonville walianza na Travon Walker, mvamizi. Detroit wakamchukua Aidan Hutchinson, mvamizi. Houston wakamchukua Derek Stingley, konabeki, yaani yule anayemkaba mpokeaji kule pembeni. New York Jets wakamchukua Sauce Gardner, konabeki pia. New York Giants wakamaliza na Kayvon Thibodeaux, mvamizi. Namba 14 Baltimore wakambeba Kyle Hamilton, mlinzi wa nyuma kabisa.

Mkataba wa kwanza wa Hutchinson ulikuwa kama dola milioni 35 kwa miaka 4, yaani chini ya milioni 9 kwa mwaka. Mwaka 2025 ulipofika wakati wa kumwekea mkataba wa bei ya soko, Detroit walikubali milioni 45 kwa mwaka. Mwaka huohuo Stingley na Gardner, makonabeki wa hali ya juu kabisa, walipata kama milioni 30 kila mmoja. Hamilton akapata kama milioni 25. Fred Warner wa San Francisco, lainibeki ambaye wengi wanamweka juu ya wenzake wote, mkataba wake wa mwaka ule ulikuwa milioni 21 kwa mwaka. Umeona ngazi inavyoshuka?

Kila timu ina kikomo cha mishahara. Haiwezi kumwaga hela inavyotaka hata kama mwenye timu ni bilionea. Kwa hiyo kila milioni unayookoa kwa mvamizi kijana inageuka mtaji wa kununua wengine. Ukimpata mvamizi wa kweli kwa bei ya foleni, kwa miaka 4 unatembea na pengo la karibu milioni 30 na zaidi kila mwaka mfukoni. Ukimpata lainibeki wa kweli, pengo ni la milioni 10 na kitu. Ni hela, lakini sio ya kuichomea namba 2.

Najua kuna atakayesema soko nalo linakosea, bei kubwa sio ushahidi. Sawa, tuingie uwanjani.

Konabeki, hata awe mkali vipi, anaweza kukwepwa. Kwotabeki akimwogopa anarusha upande wa pili, basi, siku nzima hagusi mpira upande ule. Mvamizi hakwepeki hivyo, maana yeye anakuja mwenyewe, kila mchezo, kumfuata mwenye mpira. Wakimwekea watu wawili wa kumzuia, mwenzake wa pembeni amebaki na mmoja. Pia hakuna konabeki anayeweza kumkaba mpokeaji wa kimataifa kwa sekunde 5. Binadamu hawezi. Anachohitaji ni kwotabeki aharakishwe, na anayemharakisha ni huyu wa mbele. Konabeki wa kawaida nyuma ya wavamizi wakali anaonekana fundi. Geuza uone kama inafanya kazi hivyohivyo.

Na kuna suala la upatikanaji. Mwaka uleule wa 2022, Kansas City walisubiri mpaka namba 21 wakampata konabeki Trent McDuffie, na katika misimu yake 2 ya kwanza akabeba Super Bowl 2. Seattle walisubiri mpaka raundi ya 5, namba 153, wakampata Tariq Woolen, ambaye msimu wake wa kwanza alinasa pasi 6. Seattle hiyohiyo zamani ilimpata Richard Sherman raundi ya 5 mwaka 2011, akawa nguzo ya ulinzi uliowapiga Denver 43-8 kwenye Super Bowl ya Februari 2014. Warner niliyemtaja alichukuliwa raundi ya 3. Wavamizi nao huwa wanaokotwa chini, siwadanganyi, Maxx Crosby alitoka raundi ya 4. Lakini ukipiga hesabu ya wapi pa kubahatisha, mimi nabahatisha kwa konabeki.

Tena nisieleweke vibaya kuhusu Houston. Wao namba 3 walikuta Walker na Hutchinson wameshaondoka. Kumchukua Stingley badala ya mvamizi wa tatu kwenye rafu lilikuwa jambo la akili, na 2024 jamaa alichaguliwa kikosi bora cha ligi nzima. Nafasi inakuja kwanza pale tu watu wanapolingana ubora. Ila angalia walichofanya 2023: walipata kwotabeki wao namba 2, C.J. Stroud, halafu palepale wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata pamoja na mengine juu, ili wapande mpaka namba 3 na kumbeba Will Anderson. Mvamizi. Timu iliyotoka kushinda mechi 3 msimu uliopita ikashinda 10, na Anderson akawa mlinzi bora chipukizi wa mwaka. Waliirudia bidhaa waliyoikosa, na waliilipia.

Jacksonville ndio wananiumiza roho. Nafasi waliipatia, mtu ndio nina neno naye. Hutchinson msimu wake wa mwisho pale Michigan alimwangusha kwotabeki mara 14, rekodi ya chuo, akawa wa pili kwenye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Walker miaka yake 3 yote pale Georgia aliangusha mara 9 na nusu. Ila Walker alikuwa na mwili, kasi na mikono mirefu, vipimo vilivyowatoa watu mate. Nyie mnaouza mtandaoni mnaijua hii: bidhaa moja ina picha kali, nyingine ina historia ya kuuzika. Walker sio mbovu, alifika 10 msimu wa 2023, ni mchezaji mzuri tu. Lakini ukiwa wa kwanza kwenye foleni nzima, "mzuri tu" ni hasara, na waliokuwa nyuma yako ndio wanacheka.

Waliocheka ni Detroit. Hii timu ilikuwa haijashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1992. Watu wamezaliwa, wameoa, wamepata watoto, hawajawahi kuona. Msimu kabla ya Hutchinson walishinda mechi 3. Akaja, wakashinda 9, kisha 12, na Januari 2024 wakawafunga Rams 24-23 wakavuka. Hakuwa peke yake, timu ilijengwa vizuri kila upande. Ila ukitaka kujua thamani ya kitu, angalia kinapokosekana. Oktoba 2024 alivunjika mguu akiwa ameshaangusha mara 7 na nusu katika mechi 5 tu. Detroit waliendelea kushinda, wakamaliza na mechi 15, halafu kwenye mtoano wakafungwa nyumbani kwao 45-31 na Washington. Ulinzi ulikuwa na majeruhi wengi, na mojawapo ya alama zile ilitokana na pasi ya Detroit kunaswa na kurudishwa, kwa hiyo sio yote ya kumkosa yeye. Lakini niliiangalia ile mechi: kijana Jayden Daniels, mwaka wake wa kwanza ligini, alikuwa anasimama na mpira kama anasubiri chai.

Kuna kitu mvamizi hawezi kukufanyia, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Cleveland 2017 walikuwa wa kwanza kwenye foleni wakamchukua Myles Garrett. Chaguo safi kabisa, 2023 alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi. Msimu ule wa kwanza walishinda mechi ngapi? Sifuri. Walipoteza zote 16. Kwotabeki hawakuwa naye, na Patrick Mahomes alikuwepo kwenye drafti ileile mpaka namba 10. Kwa hiyo swali langu la mlinzi gani atangulie linaanza pale ambapo mrushaji umeshampata. Kama huna, funga mjadala, katafute huyo kwanza.

Na sasa nawapa silaha ya kunipigia, kwa sababu mechi zao za mapema Jumapili zinaanza saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu, na mkianza kuziangalia mtaijua tu. Drafti ya 2014, Houston wa kwanza kwenye foleni wakafuata kanuni yangu, wakambeba mvamizi Jadeveon Clowney. Namba 13 akaondoka Aaron Donald, mlinzi wa katikati ya mstari wa mbele, futi 6 na inchi 1, wakasema mfupi kwa nafasi ile. Donald alikuwa mlinzi bora wa ligi mara 3. Februari 2022, Super Bowl, Rams wanaongoza 23-20, imebaki chini ya dakika moja, Cincinnati wana nafasi ya mwisho, na ni yeye aliyepenya katikati akamshika Joe Burrow akirusha, pasi ikaanguka chini, mechi ikaisha.

Njia ya katikati ni fupi kuliko ya kuzunguka, hilo silibishi. Anayepita pale kama Donald unamchukua kabla ya mvamizi yeyote. Shida ni kwamba wa aina yake wanahesabika kwa vidole, na timu 12 zilimwona zikampita. Wewe ungekuwa umeshika namba 1 mwaka ule, na Clowney yuko pale na ule mwili wake, ungemwona Donald?